Klachi Iliyogoma Kuachia

Siku nilipomwona mke wangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekanyaga pedeli kwa miguu yote miwili na motokaa ilikuwa haitaki kusimama.

Ilikuwa Dodoma, enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado mpya. Mji haukuwa mkubwa: stesheni, boma, maduka machache ya mabati, na nje ya hapo tembe za Wagogo zimetawanyika uwandani, kila moja na zizi lake. Mimi kwetu ni Kondoa. Nilishuka na wenzangu kutafuta kazi ya reli, kwa sababu kodi ya Mjerumani ilikuwa haina msamaha, na aliyeshindwa kuilipa alikamatwa akalimishwe barabara, kiboko kikimsimamia mgongoni. Kazi ya kulaza mataruma ilipokwisha wenzangu walirudi nyumbani. Mimi nilibaki karakana ya stesheni, nikipaka mafuta injini za gari moshi. Nilikuwa nimegundua kwamba naweza kukaa na chuma mchana kutwa bila kuchoka, na sikuwahi kusikia hivyo kuhusu jembe.

Pale mjini palikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka la nguo na chumvi, ambaye pia alinunua ngozi, samli na karanga za vijijini na kuzipakia kwenye gari moshi kwenda pwani. Sote tulimwita tajiri, ingawa viatu vyake vilikuwa na viraka. Huyu tajiri alinunua motokaa kuukuu ya Mjerumani mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi Ulaya. Baada ya kuinunua akagundua kwamba hajui kuiendesha, hana wa kuitengeneza, na mke wake amekataa katakata kuipanda. Akaja karakana kuuliza kama kuna mtu asiyeogopa mashine. Wenzangu wakanisukuma mbele.

Tulijifunza pamoja, mimi na yeye, kwa kuharibu na kutengeneza. Siku hizi kila dereva anajua neno klachi. Wakati ule sisi hatukuwa na neno. Msimamizi wa Kijerumani pale karakana aliiita kwa jina refu ambalo ulimi wangu haukuliweza, kwa hiyo tajiri na mimi tukaiita mkono, kwa kuwa kazi yake ni kushika na kuachia. Injini ilikuwa na gurudumu zito la chuma, limechongwa ndani kama bakuli. Ndani ya bakuli hilo liliingia pia kubwa la chuma, umbo kama la pia wanayochezea watoto, lililovikwa ngozi, likisukumwa na springi kubwa. Ngozi ikishika bakuli, nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu na gari linatembea. Ukikanyaga pedeli, lile pia linarudi nyuma, ngozi inaachana na chuma, na injini inazunguka peke yake. Ndipo unapoweza kubadili gia, au kusimama.

Asubuhi ile niliyomwona mke wangu, mkono uligoma kuachia. Nilikuwa natoka stesheni na magunia ya chumvi. Nilipofika karibu na maduka nikakanyaga pedeli ili nisimame. Ikashuka mpaka chini, lakini gari likaendelea kama vile sijafanya kitu. Nikaongeza mguu wa pili. Nikavuta breki ya mkono, ikalia kama mbuzi anayechinjwa, gari likapunguza mwendo lakini halikusimama. Watu walikimbia. Mbele yangu, kwenye uwanja ulio wazi, kulikuwa na ngozi za ng'ombe zimewambwa chini kwa vigingi zikikauka, na mwanamke mmoja ameinama akikwangua mojawapo.

"Ondoka! Ondoka!" nikapiga kelele.

Aliondoka. Alikwenda pembeni hatua chache, akasimama na kifaa chake cha kukwangulia mkononi, akatazama motokaa inavyopita juu ya ngozi zake moja baada ya nyingine, iking'oa vigingi, mpaka ilipogonga kichuguu na injini ikazimika.

Nikashuka. Sikuwa nimeumia. Nikakumbuka adabu, nikamsalimu kwa lugha yao: "Mbukwa."

Hakuitikia. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, kichwa kimenyolewa, shingoni ana shanga nyeupe. Aliikagua ngozi ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Kisha akaja mpaka kwenye motokaa, akaitazama kwa makini kuliko alivyonitazama mimi.

"Huyu mnyama wako," akasema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, "hana mwenye kumfunga?"

"Kuna kitu kimeharibika ndani," nikasema.

"Basi kaa naye nyumbani mpaka apone."

Tajiri alikuja mbio, nusu analia kwa ajili ya taa iliyopasuka. Wakazungumza wao wawili mambo ya fidia, nami nikasukuma gari na wapagazi mpaka nyuma ya duka.

Alasiri nilibandua mbao za sakafuni nikachungulia. Ngozi iliyovishwa lile pia ilikuwa nyeusi, imepasuka kama kisigino cha mchungaji, na juu yake palikuwa na kitu cha kunata. Mpima ardhi, nadhani, alikuwa ameipaka utomvu wa miti ili isiteleze. Nilipoweka kidole kilinasa. Nikamwita tajiri.

"Tumepata," nikamwambia. "Ngozi inanata kwenye chuma. Pedeli inavuta, yenyewe haitaki kubanduka."

"Dawa yake?"

"Ngozi mpya."

Tajiri alikuwa na stoo nzima ya ngozi, lakini zote ngumu kama mbao, za kupeleka Ulaya. Tulihitaji ngozi laini, yenye unene sawa kila mahali, na tuliyemjua mwenye uwezo wa kuitengeneza hapo mjini alikuwa yule niliyemharibia kazi.

Nilikwenda kwake kesho yake. Alikaa upande wa mji ambao watu wanaufuata kwenda Chang'ombe ya sasa, kwenye tembe moja na mama yake mdogo. Baba yake, nilikuja kujua, alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyejulikana mpaka Mpwapwa. Mwanawe wa kiume alipenda ng'ombe kuliko ngozi, baba akamfundisha binti. Binti aliolewa, mume akafa kwa ndui kabla hawajapata mtoto, na yeye akarudi kwenye ngozi.

Safari hii niliposema mbukwa aliitikia. Nikamweleza ninachotaka. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza, "Hiyo ngozi itafanya kazi gani?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikachukua kibuyu kilichokatwa na kikombe cha bati, nikaingiza kikombe ndani ya kibuyu, nikamwonyesha: hiki kinazunguka, hiki kinashikwa, ngozi iko hapa katikati. Alivitwaa mikononi, akaviingiza na kuvitoa, akavigeuza.

"Ya ng'ombe mzima ni nene mno," akasema. "Ya mbuzi itachanika. Nitakutafutia ya ndama. Lakini haiwezi kukatwa mstari mnyoofu. Itakunjamana. Lazima ikatwe kwa kupinda, kama ukosi."

Nikaenda kumletea lile pia lenyewe, nimelibeba begani kutoka dukani. Kulitoa garini hakukuwa na shida, liliteleza kwenye mhimili wake bila hata kugongwa. Nikafuta tundu la katikati kwa kitambaa na baadaye nikalipaka mafuta kidogo kwa kidole, kama mtu anavyofanya kwa mazoea.

Alichukua muda wake. Alikwangua, akalainisha kwa samli, akasugua, akaanika kivulini. Nami nilikuwa nikipita kila nilipopata nafasi, kwa kisingizio cha kuangalia kazi. Mama yake mdogo alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, akanitazama ninavyohangaika kuukata mlenda usivutike, akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi na yule binti tulizungumza juu ya mafuta ya nyonyo na kwa nini ni bora kuliko samli kwa ngozi inayosuguana na chuma moto. Sijui watu wengine huposa vipi. Sisi tulizungumza juu ya mafuta ya nyonyo.

Ngozi ilipokuwa tayari tuliifunga kwa ribiti za shaba, misumari mifupi ya kugongwa pande zote mbili, vichwa vyake vimezamishwa ndani visiguse chuma. Ilikaa vizuri kama ngozi ya goma. Nilirudisha kila kitu mahali pake, tukawasha asubuhi. Pedeli chini: injini inanguruma, gari limetulia. Pedeli juu taratibu: gari linaondoka kwa upole. Tajiri alizunguka stesheni mara kadhaa akipungia watu kofia.

Kwa furaha akamwambia yule mwanamke, kama sehemu ya fidia, kwamba tungempeleka Buigiri kwa kaka yake, ambako pia alitaka kuchagua ngozi mbichi. Tajiri mwenyewe alikuwa anakwenda huko kununua karanga. Yule mwanamke alikubali baada ya kufikiri, akapanda nyuma na kibuyu cha maziwa, akajifunga nguo kichwani kwa ajili ya vumbi.

Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa nzuri hata nikaanza kuimba. Barabara ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopanuliwa na vibarua wa boma, michanga hapa, mawe pale. Jua lilipanda. Mara kwa mara nililazimika kushusha gia kwenye mchanga, na kila niliposhusha nilihisi gia zinaingia kwa ugumu zaidi kidogo. Nikajiambia ni mawazo tu. Kufikia adhuhuri, tulipokuwa tunateremka kwenye korongo kavu, nikakanyaga pedeli ili nibadilishe na gia ikasaga meno kwa kelele ya kutisha. Haikuingia wala haikutoka. Gari likaendelea kuvutwa na injini hadi katikati ya mchanga, likazama, likazimika.

Tajiri akavua kofia, akaitazama.

"Ni ngozi," akasema. "Ngozi yake mbaya."

Na mimi nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo. Aliyejibu alikuwa mwenye ngozi. Alishuka, akafungua nguo kichwani.

"Nionyeshe inaposhika," akaniambia.

"Ni moto sana huko ndani."

"Nionyeshe."

Nikabandua mbao. Tajiri akakaa kwenye usukani akakanyaga pedeli, sisi wawili tukalala kifudifudi tukichungulia, vichwa vyetu vimekaribiana. Lile pia lilirudi nyuma, tuliliona kwa macho. Alinyoosha mkono, akang'oa jani kavu la nyasi pembeni mwa gurudumu la gari, akalipenyeza kati ya ngozi na bakuli la chuma. Likapita. Akalisogeza juu, likapita. Nikamwomba tajiri asiachie pedeli, nikazungusha injini kidogo kwa mkono, naye akalipitisha jani upande uliokuwa chini. Likapita pote, kwa wepesi, bila kukwama.

"Hapa haijashika," akasema. Hakuwa na ukali. Alikuwa anasema alichokiona. "Ngozi imeachia. Ninyi tafuteni kwingine."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nakumbuka nilihisi furaha ambayo haikuwa na mahali pake, gari bovu, jua la utosini, maji machache. Kwa sababu sasa nilikuwa najua kitu. Kama ngozi imeachia na bado injini inalivuta gari, basi vyuma hivi viwili vinagusana mahali pengine, na palibaki mahali pamoja tu: katikati, kwenye tundu ambamo lile pia linazunguka juu ya mhimili wa injini.

"Lakini asubuhi ilikuwa nzima," akasema tajiri. "Mimi mwenyewe niliiendesha. Asubuhi inaachia, mchana inashika. Kwa nini?"

Ndilo swali tulilohitaji.

"Tusubiri ipoe," nikasema. "Tukisubiri tutajua."

Tulichimba mchanga, tukasukuma gari likagoma, tukaenda kukaa chini ya mgunga tukagawana maziwa. Tajiri alitusimulia juu ya mama yake aliyemwacha ng'ambo, ambaye alidhani Dodoma ni mahali penye mito. Yule mwanamke akauliza kama mama huyo bado yu hai, naye akasema ndiyo, yu hai, na akageuza uso kidogo. Ng'ombe walipita, mchungaji akasimama kwa mguu mmoja kututazama, akaendelea na safari yake.

Jua lilipolegea tulijaribu tena. Tulichimba mchanga mbele ya magurudumu, tajiri akakanyaga pedeli, sisi wawili tukasukuma nyuma. Mchana tulipojaribu hivyo gari lilikuwa zito kama limepandwa. Sasa lilisogea.

"Ikipata joto inashika, ikipoa inaachia," tajiri akasema kutoka mbele, kama mtu anayesoma.

Nikaanza kufungua. Ilikuwa kazi ya jasho, na yule mwanamke alinishikia kila nati niliyoitoa, akizipanga juu ya nguo yake kwa mpangilio ule ule nilioziondolea. Lile pia lilipotoka tulilitazama tundu. Ndani yake mlikuwa na bomba jembamba la shaba nyeusi, na upande mmoja lilikuwa limebadilika rangi, samawati na kahawia, kama shingo ya njiwa. Hapo ndipo palipoungua. Pembeni palikuwa na kitundu kidogo cha kupitishia grisi. Nilipochokonoa kwa mwiba hakikutoa grisi. Kilitoa kitu kigumu kama gundi, grisi ya miaka ya mpima ardhi iliyokauka na kuchanganyika na vumbi. Mafuta yangu ya kidole yalikuwa yametosha kwa asubuhi. Yalipokwisha, shaba ikapata joto, ikavimba, ikaukumbatia mhimili.

"Kumbe koo limeziba," akasema yeye.

"Limeziba," nikasema.

Tulichukua zamu kuchokonoa, kwa miiba na kwa sindano yake ya kushonea ngozi, mpaka tukaona mwanga upande wa pili. Nikasugua palipoungua kwa msasa polepole, nikipima kila mara kwenye mhimili, mpaka pakateleza. Kwenye kisanduku cha vyombo nilikuwa na kopo la mafuta ya gari moshi. Nikajaza kitundu, nikapaka mhimili wote, nikapaka tena. Tukafunga. Mikono yetu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, yake na yangu, huwezi kutofautisha.

Niliwasha. Nikakanyaga pedeli, nikaingiza gia. Iliingia kimya. Nilikaa pale na mguu wangu umekanyaga, injini inanguruma, gari limetulia katikati ya korongo, na sikutaka kuondoka kwa muda.

"Twende basi," akasema tajiri, "kabla huyu mnyama hajabadili mawazo."

Safari hii yule mwanamke hakukaa nyuma. Tajiri alihamia nyuma kwenye magunia matupu mwenyewe, bila kuombwa, akasema mgongo unamuuma na kiti cha mbele ni kigumu. Tulifika Buigiri jua likiwa bado liko juu ya vilima, na injini ikiwa moto kabisa nilisimama mbele ya tembe ya kaka yake, pale pale nilipotaka kusimama. Kaka alitoka nje na mkuki. Alipomwona dada yake amekaa juu ya motokaa, mweusi kwa mafuta, anacheka, akashusha mkuki, akasema mbukwa.

Sikurudi tena kwao kwa kisingizio cha ngozi. Nilirudi nikamwambia kaka yake wazi. Alikuwa na maswali. Mimi Mwislamu, wa kabila jingine, kazi yangu haina ng'ombe. Alimgeukia dada yake, akamuuliza kwa Kigogo. Dada alijibu kwa maneno mengi, na mimi nilielewa moja tu, neno la Kiswahili, "mafuta." Kaka akacheka. Baadaye nilimuuliza yule mwanamke alisema nini. Akaniambia, "Nilimwambia kwamba ukikosea unasikiliza. Na kwamba unapaka mafuta ya kutosha, sasa."

Tulipokwenda Kondoa kumwonyesha kwa wazazi wangu, tajiri alituazima motokaa na kutupa mzigo wa chumvi wa kupeleka. Tulipitia kwenye mabonde ya mchanga, tukalala njiani kwa watu waliotupokea, tukafika siku ya soko. Mama yangu alikuwa mnyonge wa miguu wakati ule, hakuwa ametoka uani kwa muda mrefu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia akinishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha mke wangu akapiga magoti mbele yake, akasema shikamoo kwa lafudhi yake ya Kigogo, kila silabi imekanyagwa sawasawa. Mama akamwinua.

"Unajua Kirangi?" akamuuliza.

"Sijui, mama."

"Utajua. Mimi nitajua chako kidogo."

Watu walikuwa wamelizunguka gari. Mama akauliza kama linaweza kumfikisha mtoni, kwa sababu alikuwa na hamu ya kuuona mto kabla maji hayajapungua. Baba akasema asijaribu. Mke wangu aliingia ndani, akatoka na blanketi, akalikunja juu ya kiti cha mbele, akampa mama mkono.

Niliendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Kila penye shimo nilikanyaga pedeli, na kila mara iliachia. Mama alikaa wima, ameshika ubao kwa mikono miwili, na tulipofika ukingoni, maji yakimetameta kati ya michanga na wanawake wakifua, akasema nisizime kwanza, anataka kusikia inavyonguruma.